Kununua Kinanda cha Marehemu

Jumatano, 3 Septemba

Kinanda cha baba kimekufa leo, tena msibani, mbele ya watu wasiopungua mia tatu.

Baba alikuwa akipiga mdundo wa kuwaita wajukuu waje kucheza mara ya mwisho mbele ya jeneza. Mvua ilikuwa imeanza saa nane, ya kwanza tangu Juni, na bati la ukumbi wetu lina tundu ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliziba. Maji yakashuka moja kwa moja katikati ya vitufe. Kinanda kikatoa sauti ya mbuzi. Nisingeandika hivyo kama si kweli. Mbuzi, kisha kimya, kisha moshi.

Zamani harusi na misiba yetu sisi Wakaro ilihitaji watu watano wenye ngoma, zumari na upatu. Siku hizi vyote vimo ndani ya kinanda kimoja, na mtu ni mmoja. Katika vijiji saba vya huku juu mtu huyo ni baba, tangu mjomba alipofariki mwezi wa pili. Bila kinanda baba ni mkulima wa kabichi, na si mkulima mzuri.

Pa Jenda, mume wa shangazi, alisaidia kukibeba kama majeruhi. Njiani akasema, "Shemeji, angalau kimefia penye jeneza. Tungeomba wazikwe pamoja."

Baba hakucheka.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Baba amekifungua kinanda kwa bisibisi, amekitazama, amekifunga.

Jumanne, 9 Septemba

Tumekwenda mjini Kabanjahe, baba na mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayesoma maandishi madogo.

Kipya hatukiwezi. Hata tungekiweza, baba anasema kipya ni mtoto mchanga: kinajua ngoma za nchi za watu tu, na kukifundisha midundo yetu ni kazi ya miaka. Kwa hiyo tukaenda kwa muuza mitumba nyuma ya soko. Alikuwa na vitatu. Cha kwanza skrini yake ilikuwa nyeusi. "Ukizoea huhitaji kuona," akasema. Cha pili vitufe vyake vya juu vilizama na havikurudi. Cha tatu kilionekana kizima, mpaka baba alipokiinamisha. Mende waliojazana humo wakamwagika kwenye viatu vyake, baadhi wakiwa hai.

Nilipiga ukelele. Soko zima liligeuka. Sitarudi Kabanjahe mwaka huu.

Maktaba ya shule ina gazeti la zamani lenye ukurasa mzima juu ya kununua ala za umeme zilizokwisha tumika. Nimenakili maswali: kimetumika miaka mingapi, kilihifadhiwa wapi, vitufe vyote vinarudi, kina nini ndani, na kwa nini mwenyewe anakiuza. Gazeti linasema swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama amesema leo tukila, kama anayesema chumvi imekwisha, "Wifi yangu anauza kinanda cha marehemu."

Kijiko cha baba kilibaki hewani.

Wifi ya mama ni Mami, mke wa mjomba. Sikuamini. Mjomba hajatimiza hata miezi minane kaburini. Kinanda kile alikifundisha mwenyewe kwa miaka tisa, mdundo mmoja mmoja, watu wakitoka hata Berastagi kuja kumsikiliza. Na yeye anakiuza kama gunia la machungwa yake ya sokoni.

"Ana moyo gani?" nikauliza.

"Ana binti, Peranita, anayesomea uuguzi Medan," mama akajibu. "Huo ndio moyo wake."

Mimi bado naona ni ukatili. Harusi kubwa ya bondeni ni tarehe nane Novemba na baba alikwisha kubali kupiga. Nimemwona akihesabu wiki kwa vidole.

Jumamosi, 20 Septemba

Kama kuna mtu asiyefaa kuwa mdomo wa watu wawili, ni mimi. Darasani mwalimu husema, "Ropenta, sema tusikie," na nikisema hawasikii. Lakini leo nimekuwa mdomo tangu saa tatu mpaka adhuhuri.

Baba na Mami hawaruhusiwi kusemezana. Mwanamume na mke wa shemeji yake ni rebu: hawasemi moja kwa moja, hawakai mkeka mmoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wala si ugomvi, ni heshima, na baba anaifuata kuliko anavyofuata ibada. Akikosekana mtu wa katikati, husema na kitu. Nimewahi kumsikia Mami akiliambia birika, "Ee birika, mwambie Baba Ropenta ng'ombe wake yuko shambani kwangu." Lakini birika haliwezi kuuliza maswali ya gazeti.

Kwa hiyo baba aliketi barazani kwenye kiti kibovu, Mami ndani kando ya kinanda, na mimi mlangoni. Ukuta ni wa mbao na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Ropenta, mwulize Mami kimetumika miaka mingapi."

"Mami, baba anauliza kimetumika miaka mingapi."

"Mwambie baba yako tisa mikononi mwetu. Kabla ya hapo sijui, marehemu alikinunua kikiwa mtumba."

"Baba, Mami anasema—"

"Nimesikia. Hapana! Sema, sema."

Nikasema.

"Mwulize kama wadudu wameishi humo."

"Mwambie baba yako wadudu wa nyumba hii wana adabu. Hawaingii mahali bila kukaribishwa."

"Mwulize kilihifadhiwa wapi."

"Mwambie baba yako kilihifadhiwa kitandani, mimi nikalala chini. Aulize kama anataka na mto wake."

Nilisikia baba akikohoa ili asicheke.

Ilipofika zamu ya kukijaribu, Mami alitoka kwa mlango wa jikoni na baba akaingia. Nilihesabu vitufe: sitini na kimoja, vyote vinarudi, kimoja cha mwisho kinasitasita. Kisha baba akafungua midundo ya mjomba. Iko mia moja na kumi na miwili: ya harusi, ya msiba, ya kuingia nyumba mpya, ya sikukuu ya mwaka. Aligusa ule wa kuwapokea wakwe, na ngozi yangu ikasisimka mpaka kichwani. Ngoma ndogo ilichelewa kidogo nyuma ya kubwa, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hakuna kinanda kingine kinachofanya hivyo. Baba alifunga macho.

Akarudi barazani, Mami akarudi ndani. Wakakubaliana rupia milioni nne bila kubishana sana. Swali la tano, kwa nini anauza, sikuuliza. Baba alikuwa amenionya njiani, "Ukimwuliza hilo, nitakuacha huko huko uolewe na machungwa."

Kisha Mami akaweka kiganja juu ya kinanda, kama anayepima homa ya mtoto, akasema polepole bila kunitazama:

"Usimkatize ghafla. Ukimwacha alale taratibu, huamka na kila kitu kichwani. Akikatizwa ghafla, husahau yote."

Nilishtuka. Mara ya kwanza namsikia akigusia ugonjwa wa mjomba tangu mazishi. Ni kweli, baada ya kupooza mjomba alikuwa hivyo: ukimkatiza katikati ya sentensi anapoteza hata jina la Peranita. Sikujua niangalie wapi. Nje, kiti cha baba kilichokuwa kikilia muda wote kilinyamaza.

Maneno hayo sikuyapeleka. Hayakuanza na "mwambie baba yako". Niliona ni ya mjane na mumewe, na mimi nimeyasikia kwa bahati mbaya.

Jumapili, 21 Septemba

Kinanda kiko kwetu. Pa Jenda alikuja kukitazama, akasema, "Leo shemeji hatalala na mkewe."

Kweli baba anakilea. Amenunua betri ya gari ili umeme ukikatika kisidhurike, na plagi ameizungushia tepu nyeusi mara nne ndani ya soketi. Sikujua baba anaweza kupenda kitu hivi.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua siku ya sita. Umeme umekatika mara tatu. Kila ukikatika baba anaruka kuangalia betri.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimefagia na ufagio umegusa waya. Baba alinipigia kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake. "Usiguse waya ule! Usiusogelee!" Nililia chooni. Baadaye alininunulia kalamu mbili bila kusema kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hisabati themanini na tisa. Mvua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo baba amepiga kwenye nyumba mpya ya mkulima wa karoti, mara ya kwanza na kinanda cha mjomba. Wazee waliacha kula. Bibi mmoja alisimama peke yake akaanza kucheza na kipande cha mkate wa mchele mkononi, machozi yakimtoka, akisema, "Amerudi huyu, amerudi." Baba alikaa wima kama mfalme.

Mami hakualikwa. Nilimwona ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, kapu la machungwa miguuni. Hakuuza chungwa hata moja, alisikiliza tu. Mdundo ulipokwisha alibeba kapu akaenda zake. Niliona haya kwa niliyoandika juu yake mwezi uliopita, ingawa sikuyafuta.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nguzo ya umeme imeanguka bondeni. Wanasema itachukua wiki.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nimekaa jikoni na nguo zangu za harusi zimelowa na sijazivua.

Bondeni hakukuwa na umeme. Jenereta la Pa Jenda liliwasha taa na jiko la mpishi, na baba akakataa katakata kuunga kinanda humo. "Linakohoa hilo," akasema. Akatumia betri yake. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alipiga bila kupumzika, na ilikuwa nzuri, nitaandika hivyo kwa haki: ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Saa tisa waliitwa ndugu wa mama wa bibi harusi, wale tunaowaheshimu kuliko wote. Baba wa msichana amekufa, kwa hiyo wangecheza kwa kumkumbuka, kwa ule mdundo wa kuwapokea wakwe. Walisimama mistari miwili, mikono imeinuliwa, bibi harusi ameinamisha kichwa. Ngoma ndogo ikaanza kupanda ngazi nyuma ya kubwa.

Ikakatika. Betri ilikuwa imekwisha.

Watu walibaki na mikono juu. Baba alikuwa mweupe kama wali, na nilishangaa, maana betri kwisha si jambo la kumfanya mtu awe hivyo. Pa Jenda alikimbia na waya wa jenereta. Kinanda kikawaka. Skrini ikaandika salamu kwa lugha ya kigeni, kama kitu ambacho hakijawahi kutuona. Baba akabonyeza mahali pa ule mdundo.

Kikapiga muziki wa muuza aiskrimu.

Akabonyeza tena. Kikapiga kitu cha gwaride. Akabonyeza cha tatu, cha nne. Dansi za Ulaya. Midundo yote mia moja na kumi na miwili haikuwamo. Mtu akacheka, halafu wengi. Bibi harusi aliinua kichwa, na uso ule sitausahau: hakukasirika, alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na asiyejua nani kampiga.

Ndipo baba akasimama juu ya benchi akapaza sauti. Baba, ambaye kwa kawaida hata mbwa hamfokei.

"Nimeuziwa maiti! Sikilizeni wote! Jamaa wa mke wangu wameniuzia maiti!"

Kicheko kikafa pale pale. Mama alikuwa amebeba sinia la kuku. Aliliweka chini taratibu, akavuta kitambaa chake kichwani na kuondoka kwa miguu, mvuani, kilomita nne.

Jumapili, 9 Novemba

Hakuna aliyekwenda kanisani.

Jumanne, 11 Novemba

Kwenye duka la kahawa, wanaume wanaocheza sataranji wanasema Mami alijua. Mmoja akasema, "Nunua machungwa yake uone, utakuta maganda matupu." Mami amekwenda sokoni na makapu mawili, na amerudi nyumbani nayo yote mawili yakiwa yamejaa.

Baba anataka milioni nne zake. Kikao cha ukoo ni Jumapili ya tarehe ishirini na tatu. Mama amesema pesa zile zimekwisha kwenda kwenye chuo cha Peranita, na zikidaiwa Peranita atarudi kulima. Baba akajibu, "Angefikiria hilo kabla ya kunyamaza."

Kabla ya kunyamaza. Neno hilo limenikaa kifuani kama mfupa.

Jumamosi, 15 Novemba

Hakunyamaza.

Nilikuwa napiga deki nikaona taa ndogo ya kinanda, na kiganja cha Mami kikanijia, na sauti yake. Akikatizwa ghafla, husahau yote.

Lugha yetu haitenganishi mtu na kitu. Neno ni moja tu, *ia*, na ni yeye, na ni hicho. Mimi nilisikia mjomba kwa sababu nilitaka kusikia mjomba; niliona ni huzuni nzuri ya kuandikwa. Kumbe alikuwa anatuambia kasoro ya kinanda, waziwazi, akiwa ameweka mkono juu yake! Kikizimwa kwa utaratibu kinakumbuka. Umeme ukikatika ghafla kinasahau. Na mimi ndiye niliyekuwa mdomo, na nikafumba.

Nilikwenda kwa baba zizini. Nilimwambia yote bila kupumua. Nilisubiri anipige, ingawa hajawahi.

Aliendelea kukata majani ya ng'ombe. "Wewe ni mtoto," akasema. "Kosa la mtoto huachwa lilipoangukia. Usimwambie mtu, hata mama yako."

"Lakini Mami—"

"Nimesema, Ropenta."

Alisema kwa upole sana. Nilitoka nikilia kwa shukrani.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesoma shajara hii tangu mwanzo, kutafuta ni nini kingine nilichokosea.

Tarehe ishirini na moja Septemba, siku moja tu baada ya kununua: betri ya gari, plagi na tepu mara nne. Tarehe nne Oktoba: usiguse waya ule. Novemba: akakataa jenereta linalokohoa. Betri ilipokwisha akawa mweupe *kabla* kinanda hakijawashwa tena.

Na tarehe ishirini: kiti cha baba kilinyamaza.

Alisikia. Alisikia kila neno kupitia ukuta wa mbao, na akaelewa palepale kile ambacho mimi sikukielewa, maana yeye ni mpigaji. Alinisubiri nimpelekee. Sikupeleka. Kwa hiyo, kwa kanuni ya rebu, hakuambiwa. Angeweza kusema, "Ropenta, Mami amesemaje?" Lakini angeuliza, ingembidi ajibu, na labda ingembidi arudi nyumbani mikono mitupu, na alikuwa amekwisha usikia mdundo ule.

Jana nilimshukuru.

Nimeandika miezi miwili juu ya baba anayependa kinanda. Yote niliyoandika ni kweli, na nilikuwa sioni kitu.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Sina la kuandika.

Jumapili, 23 Novemba

Kikao kilikuwa kwetu, baada ya ibada. Wanaume upande wa dirisha, wanawake upande wa jiko, kinanda katikati kimefunikwa shuka. Pa Jenda aliongoza, kwa kuwa waume wa mashangazi ndio wasemaji wetu, na leo hakufanya mzaha hata mmoja. Mami aliketi na Peranita, ambaye ameitwa kutoka Medan na begi lake lote. Nililiona begi lile kwanza. Lilikuwa limejaa mpaka zipu imeachia.

Nikaitwa katikati, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdomo siku ya kununua.

"Shemeji," Pa Jenda akasema, "sema unachomwambia mke wa marehemu."

Baba alitazama sakafu. Alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, hata Mami, hata kuku nje. "Ropenta, mwambie Mami hatukuambiwa. Tulipouliza hali ya kinanda, tuliambiwa habari za wadudu na mito. Kasoro hatukuambiwa."

Nikageuka. Mami alikuwa ananitazama usoni. Tangu nizaliwe nadhani hajawahi kunitazama hivyo, na hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayengoja basi ambalo anajua halitakuja.

Nilifungua mdomo ili niseme alivyosema baba, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

"Mami," nikasema, "baba anasema alisikia."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Darasani haijawahi kufika hata dawati la pili.

Mama akaziba mdomo. Mtu akaangusha kijiko. Pa Jenda alinitazama, akamtazama baba, akajikuna sikio.

"Mwanangu, mimi nimezeeka, lakini sijawa kiziwi. Rudia."

"Baba anasema alisikia," nikarudia. "Mami alituambia. Alisema akikatizwa ghafla husahau yote. Mimi nilidhani ni mjomba, na sikumpelekea baba. Hilo ni kosa langu. Lakini baba alikuwa nyuma ya ukuta. Alisikia, kesho yake akanunua betri."

Baba alisimama nusu. Nilidhani ataondoka, au ataniondoa.

"Shemeji," Pa Jenda akasema, taratibu sana. "Mdomo wako umesema hivi. Unaukana?"

Baba alinitazama. Nilijua angeweza. Neno moja tu, na ningekuwa mtoto mwongo mbele ya ukoo mzima, na begi la Peranita lingefunguliwa chumbani kwa mama yake na kukaa huko. Sikuinamisha macho, ingawa nilitaka.

Akaketi tena.

"Siukani," akasema.

Nilisikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Peranita alianza kulia. Mami hakulia. Aliinama akashika pindo la shuka lililofunika kinanda, akaliambia, "Ee shuka, mwambie Baba Ropenta, sikulilia milioni nne. Miaka tisa ya mume wangu ilikuwa humu. Nilimpa yeye kwa sababu niliamini atailinda kuliko mimi."

Hakuna aliyerudia maneno hayo. Baba aliyasikia, na safari hii uso wake ulionyesha.

Jumatatu, 24 Novemba

Baba hajasema nami. Mama amenipa yai zima.

Alhamisi, 27 Novemba

Baba amesema, "Nipe chumvi." Nimempa.

Jumanne, 2 Desemba

Pesa hazidaiwi tena, na Peranita amerudi Medan. Sokoni Mami ameuza kapu moja. Baba amekwenda mwenyewe bondeni kwa mama wa bibi harusi, na sijui alisema nini huko, ila alirudi amechoka kama aliyelima siku mbili.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo asubuhi baba alikifunga kinanda mgongoni kwa kitambaa, kama wanawake wanavyobeba watoto, akasema, "Twende. Nahitaji mdomo." Sikuuliza.

Kwa Mami alikaa barazani kwenye kile kiti kibovu, kinanda kwenye magoti, waya wake umepitishwa dirishani. Mami alikuwa ndani akichambua machungwa. Nilisimama mlangoni.

"Mwambie Mami," baba akaanza, akakwama. Akaanza tena. "Mwambie Mami nimekuja kukifundisha upya. Lakini mimi nilikuwa namsikia marehemu harusini tu, akiwa amekwisha maliza. Yeye ndiye aliyemsikia miaka tisa akiitafuta midundo. Mwambie, kama anakumbuka, naomba anitajie."

Nilipeleka yote, sikuacha hata "naomba".

Mami aliendelea kuchambua. Chungwa bovu kapu hili, zima kapu lile. Kisha, bila kuinua kichwa, akaanza kwa mdomo, polepole, kidole kikigonga ukingo wa kapu:

"Dung, teke-teng. Dung... teke-teng."

Ngoma ndogo ilichelewa. Alikuwa anaichelewesha kwa pumzi, pale pale mjomba alipoichelewesha.

Nikageukia barazani. Baba alikuwa na kidole juu ya kitufe. Alikuwa amesikia; ubao mmoja tu ulikuwa kati yao. Lakini kidole hakikushuka. Alinitazama, akangoja.

Nikapiga kikohozi, masikio yakiwaka moto kwa haya.

"Baba," nikasema, "Mami anasema: dung, teke-teng. Dung... teke-teng."

Ndipo akabonyeza.